Karani wa Mizani

Imerudi, daktari akasema,
kama unavyosema habari za mpangaji
aliyehama usiku akasahau ndoo.
Safari hii nyuma ya shingo,
mahali kofia haifiki, kioo hakioni.
Ng'washi ndiye aliyeiona, akinikunjia kola:
kidonda kama punje ya mtama,
hakiumi, hakiponi.

Ya kwanza ilikuwa sikio. Likapunguzwa.
Ya pili shavu. Ya tatu mdomo wa chini,
mwezi mzima nikinywa uji kwa mrija
na Shija akinihesabia mafunda.
Hii ya nne sijaizoea hata kuitaja.

Mimi ni karani wa mizani, Mwaloni Kirumba.
Gunia la dagaa likipanda, naita kilo.
Mwenye mali ananung'unika, naita tena.
Nakaa chini ya bati, mikono mirefu hadi kucha,
kofia pana kama sinia la harusi,
na hapo nje, hatua kumi tu,
dagaa wameanikwa kwa jua lile lile
linalonimenya mimi.
Wao humalizwa kwa siku moja.
Mimi nimefika arobaini na tatu.

Sasa jikoni kwetu pamekuwa duka.
Unga wa mlonge. Manjano ndani ya asali.
Mbegu za papai, chungu kama deni.
Mama Bulegi kaleta mizizi kutoka Ukerewe
pamoja na sharti: usinywe umesimama.
Na Mutalemwa, yule wa tai nyekundu,
kaja na kopo jeupe, vidonge sitini,
elfu themanini na tano.
"Seli zako, kaka, zitazaliwa upya."
Nikamwuliza: zitazaliwa na rangi gani?
Akafungua kopo la pili.

Nilinunua. Usinicheke.
Mtu anayezama haulizi bei ya kamba.

Halafu karoti. Miezi mitatu ya karoti,
mbichi, za kuchemsha, za kusaga,
mpaka viganja vikageuka rangi ya machungwa
na nyayo zikafuata.
Ng'washi akavisogeza karibu na taa:
"Hatimaye mume wangu ana rangi!"
Tukacheka hadi Shija akaamka.
Kisha akafuta macho, akasema ni kitunguu.
Hapakuwa na kitunguu.

Kliniki nikamwaga mfuko wote mezani.
Daktari akashusha miwani, akasoma lebo
moja moja, kama mtu anayesoma wosia.
"Hiki endelea nacho. Hiki nitauliza.
Hiki acha leo, ini lako halijakukosea kitu."
Na karoti?
"Kula, ni tamu. Lakini karoti
haivai kofia kwa niaba yako."
Kidonge kimoja akaniandikia mwenyewe:
kile ambacho wenzangu hupewa na jua bure,
mimi nakinunua kwa risiti.

Jana, soko lilipotulia,
nikaliweka kopo la Mutalemwa juu ya mizani.
Mshale ukatikisika, ukarudi sifuri.
Mizani ya magunia haijui vitu vidogo.
Nikavikumbuka vile vipande,
sikio, shavu, mdomo,
kila kimoja ndani ya kichupa chake
kule juu kilimani Bugando.
Ukivikusanya vyote havijazi konzi.
Mimi ninayeita kilo za watu mchana kutwa
sikuwahi kuuliza gramu zangu.

Jumanne nitapanda tena kile kilima,
asubuhi, kabla jua halijakaa sawa.

Leo Ng'washi ameteleka ugali wa udaga,
pembeni matembele kwa karanga.
Namwuliza, kama ninavyouliza kila kitu siku hizi:
hii nayo ni dawa?
"Ni matembele," anasema.
"Onja. Kama chumvi haijakolea, sema."